Mwalimu wa Kashata Kumi

Alizaliwa wapi, ni mtoto wa nani, na ni babu yake yupi aliyetangulia kufika Mombasa, sikumuuliza, naye hakunisimulia. Fursa za kuuliza zilikuwapo nyingi. Lakini kila nilipofungua kinywa, yeye alikuwa ameshaniwahi: "Mama, hebu niambie. Nikirusha sarafu hii, ikaonyesha kichwa mara tatu mfululizo, ya nne itaonyesha nini?" Ukiulizwa hivyo na mzee wa Kihindi mwenye sweta la manjano, katikati ya kituo cha basi cha Edmonton, watu wote wakikutazama, habari za mababu hukutoka kichwani zenyewe.

Tulimwita Mwalimu, basi. Alikuwa amestaafu kufundisha hesabu katika shule za jiji hili la London, akiishi Kingsbury na mkewe, na kila Jumanne jioni alipanda mabasi mawili kuja kwetu Edmonton kutufundisha sisi watu wazima, kwa Kiswahili, katika ukumbi mdogo wa jumuiya uliokuwa nyuma ya kanisa. Hakulipwa. Alisema alikuwa amechoka kucheza karata na watu waliokuwa wakisinzia.

Mimi nilianza darasa lake Jumanne ya mwisho ya Januari. Naweza kuitaja kwa uhakika, kwa sababu Jumanne mbili zilizotangulia nilifika hadi mlangoni, nikasoma tangazo lote, kisha nikaendelea na safari kama mtu aliyekuwa akielekea dukani. Sikuwa mtu wa kuhurumiwa. Darasa la saba nilikuwa nimelimaliza nikiwa na watoto wawili, masomo ya sekondari nikayaanza hapa London baada ya kufikisha miaka arobaini na tano, na yote hayo nilikuwa nimeyapita kwa kichwa changu mwenyewe. Kilichobaki ni hesabu. Mtihani wa hesabu wa taifa hili nilikuwa nimeufanya mwezi wa Juni nikaanguka, nikaurudia Novemba nikaanguka, na matokeo ya kuanguka kwa pili ndiyo yaliyotoka Januari hiyo.

Nao haukuwa mtihani wa kujifurahisha. Marehemu mume wangu nilimuuguza mwenyewe, nyumbani, mpaka mwisho wake. Muuguzi aliyekuwa akija kumtazama aliniambia kwamba mikono yangu imezaliwa kwa kazi ile, na kwamba nikiendelea kuitumia kusukuma vigari vya chai katika nyumba ya wazee, nitakuwa naiibia nchi. Nilikata shauri. Chuo kimoja kikanipa nafasi ya mafunzo ya uuguzi kwa sharti moja tu, kwamba nifaulu hesabu. Na kikanieleza, kwa ile adabu ya Waingereza isiyoacha mwanya, kwamba nafasi hiyo haitavuka Septemba. Mtihani wa Juni ndio uliokuwa wa mwisho kwangu.

Hayo nilimweleza Mwalimu siku ya kwanza, nikiwa nimesimama wima. Akanisikiliza hadi nikamaliza, kisha akavua miwani.

"Mara mbili?"

"Mara mbili, Mwalimu. Nina bahati mbaya na hesabu."

Darasa zima likaguna. Nilikuwa sijui kwamba neno "bahati" lilikuwa marufuku. Aliyelitamka alitakiwa kusimama mbele na kueleza tukio gani, kati ya matukio mangapi, na lilitegemea nini. Nilisimama pale mbele katika gauni langu jema la kazini, nikababaika, na nilipokaa nilikuwa nimecheka kuliko nilivyowahi kucheka tangu nivue nguo za eda.

Hivyo ndivyo alivyokuwa. Alifundisha uwezekano kama mtu anayesimulia umbea wa jirani. Matukio huru, alisema, ni watu wawili wasiojuana: huyu akipiga chafya Harrow, yule wa Edmonton hana habari. Matukio tegemezi ni mume na mke: mmoja akiamka na hasira, chai ya mwenzake itakuwa baridi. Alianza kucheka kabla ya kufika kwenye kichekesho, hata tukawa tunacheka tusichokijua, na kichekesho chenyewe kilipofika kilitukuta tumeshachoka.

Ukumbi ule ulikuwa na hita moja na birika moja la umeme. Kila kimoja kilifanya kazi vizuri kikiwa peke yake. Jumanne ya pili ya Februari, baridi ikiwa imeganda kwenye vioo, Mama Furaha, mwenzetu kutoka Bukavu, aliwasha birika huku hita ikiwa inawaka. Pah! Giza. Wanawake tukapiga yowe, kiti kikaanguka, na katikati ya giza hilo tukasikia mtu mmoja akipiga makofi.

"Hongera, Mama Furaha! Umetuletea matukio tegemezi!"

"Miye nilileta chai, Mwalimu!"

"Tulieni. Birika likiwashwa peke yake, uwezekano wa taa kuzimika ni mkubwa au mdogo?"

"Mwalimu, washa taa kwanza!"

"Taa itakuja. Mkubwa au mdogo?"

"Mdogo!" tukapiga kelele.

"Na hita ikiwa tayari imewashwa?"

"Mkubwa!"

"Basi hilo la kwanza limebadilisha hili la pili. Mwajua sasa neno 'tegemezi' lataka nini. Nani ana tochi?"

Mama Furaha alikuwa na ugomvi wake wa kudumu naye. Mke wa mwanawe alikuwa na mabinti wanne na mimba ya tano, na Mama Furaha alishamnunulia suti mjukuu wa kiume aliyekuwa akimngoja.

"Sasa iko zamu ya kijana," alituambia.

"Zamu ni ya foleni ya benki," alisema Mwalimu. "Tumbo halipangi foleni."

"Wasichana wane, Mwalimu! Wane! Mungu anajua kuhesabu."

"Anajua sana. Wewe ndiye unayemhesabia."

Mtoto alizaliwa mwezi wa Mei, naye akawa mvulana. Mama Furaha aliingia darasani kwa vigelegele, sinia la sambusa likiwa kichwani, akaliweka juu ya meza ya Mwalimu, juu ya karatasi zake zote.

"Unaona?"

"Naona. Nilisema nusu kwa nusu. Huyu ni nusu moja, nisalimie sana."

"Leo kubali tu, mzee wangu. Mara moja tu."

"Nikikubali leo, mwakani mtamtafuta wa sita." Akachukua sambusa. "Lakini suti imemfaa?"

Wala nisimfanye kuwa mtu wa mantiki tupu. Mwalimu yuleyule aliyetuambia kwamba sarafu haina kumbukumbu alikuwa na kiti chake katika basi, ghorofa ya juu, mbele kabisa, upande wa kushoto. Akikikuta kimekaliwa, alishuka kituo kinachofuata na kungoja basi jingine. Kwa sababu hiyo alichelewa Jumanne nyingi, na alichelewa kwa furaha. Mama Furaha alimuuliza kiti kile kina uhusiano gani na usalama wa safari.

"Hakina," alisema.

"Sasa kwa nini unashuka?"

"Nikikaa kwingine, basi litafika salama. Mimi ndiye sitafika salama."

Alituhimiza pia tusione haya kuuliza, lakini yeye mwenyewe hakuweza kabisa kuuliza njia. Alipopotea, alizunguka mpaka njia ikamwonea huruma. Na alimwogopa mkewe. Mkewe alipompigia simu, alisimama kuipokea, hata akiwa ukumbini kwetu, maili nyingi kutoka Kingsbury.

Shemeji yangu mmoja anayekaa Harrow alinitembelea siku ya Pasaka. Ni mdogo wa marehemu, mtu wa ofisini, na anazungumza kwa sauti ya mtu anayesoma taarifa. Akaona vitabu vyangu mezani.

"Shemeji, umeshindwa mara mbili. Ya tatu unaitafutia nini? Takwimu zinakukataa."

Nilimpa chai, nikamsindikiza hadi kituo cha treni, nikarudi nyumbani nikakaa bila kuwasha taa. Neno lile lilinikaa rohoni kwa sababu lilikuwa na sura ya hesabu. Jumanne iliyofuata nilimpelekea Mwalimu neno hilo kama mtu anayepeleka nyoka ndani ya gunia.

Hakucheka. Alitoa sarafu mfukoni, akairusha, ikaanguka, akairusha tena.

"Hii nimeirusha tangu kabla hujaja nchi hii," alisema. "Yajua ilivyoanguka jana? Haijui. Kila ikirushwa ni ngeni. Na wewe, Juni ulipoanguka, ulijifunza nini?"

"Sehemu, Mwalimu. Novemba nilizipata zote."

"Na Novemba ulijifunza nini?"

"Kwamba maswali ya mfuko yananiua."

"Basi wewe si sarafu. Mtihani wako wa tatu wategemea ule wa kwanza na wa pili, kwa sababu wewe wakumbuka. Huyo shemeji yako akija tena, mwambie takwimu zamsalimu." Akairudisha sarafu mfukoni. "Sasa tuyatazame hayo maswali ya mfuko."

Hapo ndipo palipokuwa na kidonda changu. Swali la mfuko ni hili: mfuko una vitu kumi, sita vya rangi moja na vinne vya nyingine, unatoa kimoja, hukirudishi, unatoa cha pili, kuna uwezekano gani kwamba vyote viwili ni vya ile rangi ya vichache? Niliandika nne kwa kumi, nikazidisha kwa nne kwa kumi. Akanieleza. Nikaelewa. Akanipa jingine, nikaandika nne kwa kumi, mara nne kwa kumi. Alieleza kwa vifungo, kwa maharage, kwa vijiko. Nilitikisa kichwa kwa kuelewa, na kweli nilikuwa naelewa, lakini kalamu yangu ilipofika mahali pa kupunguza, haikupunguza. Aprili ikaisha hivyo. Mwalimu, kwa mara ya kwanza, akaanza kukuna kichwa.

Jumamosi ya kwanza ya Juni, siku chache kabla ya mtihani, alikuja kwangu na mkewe kunisalimu. Nilikuwa nimejiandaa. Nilipika kashata za nazi, nyeupe na za waridi, nikazipanga katika sahani ya maua niliyopewa siku ya harusi yangu. Mkewe, mama mwembamba mwenye sauti ya kuamuru, alikaa kwenye kochi. Mwalimu akakaa karibu na meza. Akachukua kashata ya waridi, akaila. Nikainuka, nikaenda jikoni, nikarudi na nyingine, nikaiweka palepale penye pengo. Akachukua ya pili. Nikainuka tena.

Sikuwa najua ninachofanya. Nyumbani kwetu ndivyo tulivyofunzwa tangu tukiwa wadogo: mgeni asione chini ya sahani. Akiona chakula kinapungua, ataona haya, ataacha kula, na aibu itakuwa ya mwenye nyumba. Mama yangu alijaza sahani kwa haraka kiasi kwamba mgeni aliweza kula jioni nzima akidhani hajala kitu.

Mwalimu alichukua ya tatu, lakini hakuila. Aliishika mkononi akinitazama nikirudi kutoka jikoni na ya kujazia. Kisha akaanza kutetemeka mabega. Nikadhani amepaliwa. Mkewe akampiga mgongoni.

"Nimeupata!" akalia. "Nimeupata ugonjwa wake! Huyu mama ajaza!"

"Anajaza nini?" mkewe akauliza.

"Mfuko! Ajaza mfuko! Kila nikitoa kimoja, yeye arudisha kingine kabla sijatoa cha pili! Kwake yeye kumi ni kumi mpaka kiama!"

Nilisimama na kashata mkononi kama mtoto aliyekamatwa. Kisha nikaliona. Miezi yote ile, kila mtu alipotoa kitu katika mfuko wa swali, mimi nilikuwa nimeshakwenda jikoni.

"Kaa chini, mama," akasema Mwalimu, machozi yakimtoka, akiirudisha ile ya tatu sahanini. "Leo ni marufuku kuinuka. Sahani ina kashata ngapi?"

"Kumi."

"Za waridi?"

"Nne."

Akala moja ya waridi. "Sasa?"

Miguu yangu ilitaka kwenda. Naapa, ilitaka kwenda yenyewe. Niliona lile pengo katikati ya maua ya sahani, nikaona aibu hadi masikioni.

"Mwalimu, niruhusu niongeze moja tu."

"Ukiongeza, utaanguka mara ya tatu. Zimebaki ngapi?"

"Tisa," nikasema kwa uchungu.

"Za waridi?"

"Tatu."

"Basi?"

"Nne kwa kumi, mara tatu kwa tisa." Nikainua kichwa. "Mbili kwa kumi na tano, Mwalimu! Ni mbili kwa kumi na tano!"

Mkewe akapiga makofi. Mwalimu akaendelea kula kwa ajili ya elimu, akiniuliza kila hatua, nane, saba, sita, mpaka mkewe akamkumbusha sukari yake, ndipo tukamalizia sisi wanawake. Niliwasindikiza wageni wangu hadi mlangoni nikiwa nimeacha sahani tupu mezani, jambo ambalo mama yangu asingelisamehe, nikalala usingizi mzito wa mtu aliyetua mzigo.

Katika chumba cha mtihani nilimwona mtu asiyekuwepo akitoa shanga katika mfuko wa karatasi, na nikakaza miguu yangu sakafuni kwa nguvu zote. Sikuinuka. Niliandika sehemu ya pili, juu na chini zikiwa zimepungua moja moja, na vijana wa miaka kumi na sita waliokuwa kando yangu wakamwona mama mzima akijichekea peke yake.

Matokeo yalitoka Alhamisi, mwezi wa Agosti, asubuhi. Binti yangu aliyafungua kwenye simu yake, akasema kwa Kiingereza neno moja ambalo sikumkemea siku hiyo, akanikumbatia. Ili nifaulu nilihitaji alama nne kati ya tisa. Nilipata tano. Nikampigia Mwalimu.

"Tano, Mwalimu."

Simu ikakatika. Baada ya muda ikalia.

"Nilikuwa nimesimama," akasema. "Hebu rudia, sasa nimekaa."

Septemba nikaanza mafunzo. Darasa la Edmonton lilikuja kufungwa, ukumbi ukapewa watu wengine, na Mwalimu, ambaye mkewe alimkataza mabasi mawili, akabaki Kingsbury. Tulipigiana simu sikukuu zetu na zao. Miaka ikapita kwa namna inavyopita katika jiji hili, ambapo mtu wa mtaa wa pili huwa kama wa nchi ya pili.

Jumatatu ya tatu ya Novemba mwaka jana nilikuwa katika zahanati ya upande wa Harrow, katika chumba cha kutoa damu, ambako nimewekwa tangu nilipohitimu. Wagonjwa wa asubuhi huwa ni wazee, wengi wao wakiwa wametokea Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Niliita jina kutoka kwenye skrini bila kulitazama vizuri. Akaingia na sweta jipya, la kijani, na fimbo. Alikuwa amepungua. Alinitazama nguo za kazi, kuanzia kola hadi viatu, akasahau kukaa.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, Mwalimu. Karibu. Kunja mkono wa sweta."

Hakukunja. Macho yake yalikuwa kwenye sindano, na hapo nikajua jambo ambalo miaka yote sikulijua: Mwalimu alikuwa mwoga wa sindano kuliko mtoto.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "tangu asubuhi umewatoa damu watu wengi?"

"Wengi."

"Umekosa mshipa wa yeyote?"

"Hata mmoja, Mwalimu."

Nilidhani nimemfariji. Uso ukamsawijika.

"Hata mmoja?" Akatazama mlango. "Basi kukosa kwako kumekaribia. Ngoja nitoke kidogo, mwite mwingine. Ukishamkosea yeye, nitarudi."

Niliweka sindano chini, kwa sababu kicheko kilikuwa kimenishika, na mwenye sindano hatakiwi kucheka. Yeye mwenyewe akayasikia aliyoyasema. Nililiona neno lake likimrudia usoni, taratibu, kisha likamlipua. Tulicheka wote wawili mpaka mwenzangu wa chumba cha pili akagonga ukuta.

"Mwalimu," nikasema nilipopata pumzi, "mkono wako una habari gani na mkono wa mzee aliyetangulia?"

"Hauna."

"Ni matukio ya namna gani?"

"Huru," akasema, akafumba macho kwa nguvu. "Huru, huru. Nyamaza, choma."

Nilimchoma. Alikuwa bado amefumba macho nilipobandika pamba.

"Bado?"

"Nimeshamaliza, Mwalimu."

Akafumbua jicho moja, akaitazama chupa yenye damu yake, akanitazama mimi. Alinishika kiganja kwa mikono yake miwili, akakiinamisha kichwa chake juu yake, kama wafanyavyo kwao wakikuheshimu. Kisha akachukua fimbo, akanyoosha mgongo, akatoka.

Nilimsikia katika chumba cha kungojea. Mama mmoja mzee alimuuliza kama muuguzi wa ndani ana mkono mzuri, maana mtu aliyetoka kabla yake alitoka akilia.

"Huyo aliyelia na wewe mna uhusiano gani?" Mwalimu akamuuliza.

"Hatujuani."

"Hamjuani! Vizuri sana. Nani hapa ana sarafu?"

Nilisimama mlangoni, nikaita jina la anayefuata. Nikaita tena. Hakuna aliyenisikia. Alikuwa ameshairusha, ameifunika juu ya kiganja, na chumba kizima cha wazee, wenye fimbo na wasio nazo, kilikuwa kimenyoosha mikono kujibu.